Umeme wa Sola Haurushi, Ila Unachoma: Kagua Nyaya za Banda Lako



Siku hizi nikiingia kijijini, kabla sijasikia kuku naona paneli ya sola juu ya bati. Ni jambo jema sana. Kuku wa mayai anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri, na huku kwetu jua linatupa saa 12 hivi. Hizo mbili hadi nne zinazobaki ni lazima uzitafute kwenye taa. Vifaranga nao, siku za mwanzo, wanataka mwanga usiku ili waone chakula na maji. Sola imetutoa kwenye kandili na moshi wake.

Lakini kuna maneno nayasikia karibu kila banda ninaloingia: "Bwana mifugo, hii ni volti 12 tu, hata mtoto anashika."

Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Volti 12 haikurushi kwa sababu ngozi kavu ya mwanadamu inaizuia. Maranda yaliyokauka, pumba za mpunga, mbao za banda na mifuko ya chakula havina habari na volti. Vyenyewe vinahitaji joto tu, na waya wa volti 12 ukikosewa unatoa joto la kutosha kuwasha banda zima. Leo naomba tukae kwenye jambo hilo moja: waya. Paneli na betri wengi mnazijua, hata bei zake mnazijua kwa kichwa. Waya ndio unaosahaulika, na moto mara nyingi huanzia huko.

KWA NINI VOLTI 12 INATAKA WAYA MNENE

Hesabu yake ni fupi. Chukua wati, gawa kwa volti, unapata ampea. Ampea ndizo zinazopasha waya joto.

Kifaa cha wati 600 kwenye umeme wa TANESCO wa volti 230 kinavuta ampea kama 2.6. Kifaa hicho hicho kikivuta kutoka kwenye betri ya volti 12 kinataka ampea 50. Kazi ni ile ile, lakini mzigo kwenye waya umezidi karibu mara 20. Sasa mtu anachukua waya mwembamba wa spika uliobaki nyumbani, anautandaza mita 15 mpaka bandani, halafu anashangaa kwa nini taa zinafifia.

Taa inayofifia mwisho wa banda ni ujumbe. Inakuambia umeme unapotelea njiani, na unapopotea unageuka joto ndani ya waya. Ukiona hivyo usikimbilie kununua betri nyingine. Angalia waya kwanza.

Kwa taa na pampu ndogo, mimi natumia kanuni hii: pima mita kutoka kwenye betri hadi kwenye kifaa, zidisha kwa ampea, kisha zidisha kwa 0.07. Jibu ni unene wa waya wa shaba kwa milimita za mraba, na kwa unene huo upotevu njiani hauzidi nusu volti. Tuchukue mfano:

Taa 6 za LED za wati 7 kila moja ni wati 42. Gawa kwa 12, unapata ampea 3.5. Banda liko mita 15. Kwa hiyo 15 × 3.5 × 0.07 ni 3.7 hivi. Ukifika dukani omba waya wa nne. Ukitumia waya wa moja na nusu hapo, unapoteza zaidi ya volti moja kabla umeme haujafika.

Angalizo: kanuni hii si ya inverta. Inverta inavuta ampea nyingi kwenye umbali mfupi, na hesabu hiyo itakupa waya mwembamba mno. Waya wa kutoka betri kwenda inverta ya wati 600 uwe wa milimita za mraba 16 au 25, na uwe mfupi, mita moja hivi.

Na ukinunua, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Kuna nyaya zinazouzwa zenye rangi ya shaba juu na alumini ndani. Ukikwangua ukaona weupe, mrudishie muuzaji. Waya huo unapata joto haraka kuliko shaba na unakatika ovyo kwenye viungo.

FYUZI INALINDA WAYA, HAILINDI TAA

Kuna mama mmoja katika kata ninayohudumia aliyenipigia alfajiri. Nilipofika alikuwa amekaa nje kwenye ndoo, amejifunga khanga kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia uone."

Kona moja ya banda ilikuwa nyeusi. Maranda yalikuwa yameungua kama hatua nne hivi kabla majirani hawajazima. Vifaranga wake walikuwa 200, wa wiki ya pili. Walioungua walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa moshi na kwa kurundikana kona ya pili, wakilaliana. Kijana anayewatunza alikuwa amelala chumba cha chakula, ukuta mmoja na banda. Harufu ndiyo iliyomwamsha.

Tukafuata waya pamoja, mimi na huyo kijana. Ulitoka kwenye betri moja kwa moja, ukapita juu ya wavu wa dirisha, ukaingia ndani. Pale kwenye wavu panya alikuwa ameutafuna upande wote, wa chanya na wa hasi, shaba ikawa wazi. Nyaya zote mbili ziligusana na wavu ule wa chuma. Hiyo ndiyo shoti. Betri ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba hapo unakuwa mwekundu kama kaa la moto, plastiki yake inayeyuka na kudondoka ikiwaka. Chini kulikuwa na maranda makavu.

Nikamuuliza mama, "Fyuzi ilikuwa wapi?"

"Fyuzi ndio nini? Fundi alisema sola haina haja na hayo mambo, mpaka umeme wa TANESCO."

Panya sikumshangaa, panya ni panya. Kilichoniuma ni hilo jibu, kwa sababu fyuzi moja ya ampea 5 karibu na betri ingekatika papo hapo. Taa zingezimika, asubuhi mama angenung'unika kidogo, angebadilisha fyuzi, maisha yangeendelea. Fyuzi na kikasha chake bei yake haizidi ya vifaranga wawili watatu.

Kwa hiyo shika haya:

1. Fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi sentimita 20. Ukiiweka kule bandani, mita 15 zote za njiani hazina ulinzi.

2. Kila waya unaotoka kwenye betri una fyuzi yake. Wa taa, wa pampu, wa inverta, na ule unaokwenda kwenye kontrola ya chaji pia.

3. Ukubwa wa fyuzi uzidi kidogo mzigo wako, lakini usizidi uwezo wa waya. Kwa taa za ampea 3.5, weka fyuzi ya 5. Kwa inverta, fuata kilichoandikwa kwenye kitabu chake.

4. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Kuna watu wanaziba na waya wa sigara, yaani ile karatasi ya fedha ya pakiti, au msumari. Ukifanya hivyo umeondoa mlinzi na kumwachia mwizi ufunguo.

VIUNGO: HAPA NDIPO JOTO LINAPOZALIWA

Waya mzuri ukiungwa vibaya ni waya mbaya. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzungusha selotepu kunafanya kazi miezi miwili. Baadaye selotepu inalegea kwa joto la bati, unyevu unaingia, shaba inapata kutu ya kijani, na kiungo kinaanza kuchemka taratibu bila mtu kujua. Na jambo baya ni kwamba fyuzi hailioni tatizo hili, kwa sababu ampea hazijazidi. Kiungo kilicholegea kinaweza kuungua huku fyuzi ikiwa nzima kabisa. Dawa yake ni macho na mikono yako.

Tumia konekta za skrubu zilizofungwa ndani ya kiboksi cha plastiki. Kwenye vichwa vya betri tumia lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa kwa nguvu kwenye ncha ya waya, kisha kinakazwa kwa nati. Kuning'iniza waya kwa vibano vya meno kama vya kuchajia gari ni kwa dakika kumi, sio kwa mwaka mzima.

Kingine ambacho wengi hawakijui kinahusu swichi na sakiti breka. Umeme wa TANESCO hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche ndani ya swichi hujizima yenyewe. Umeme wa betri na wa paneli haushuki, unasukuma muda wote. Cheche yake ikishika inang'ang'ania na kula chuma cha swichi. Kwa hiyo kwenye paneli, pampu na mizigo mikubwa, nunua breka iliyoandikwa DC pamoja na volti zake. Ile ya nyumbani iliyoandikwa AC peke yake isikae hapo.

ADUI WANNE WA WAYA NDANI YA BANDA

Nyaya za bandani zinaishi maisha magumu kuliko za sebuleni.

Panya. Wanafuata chakula, wakishiba wanatafuna waya. Pitisha nyaya zote ndani ya paipu za plastiki, na zinapovuka wavu au bati weka kipande cha mpira au paipu ili makali yasikate. Mifuko ya chakula ikae juu ya vichanja, mbali na nyaya.

Hewa ya kinyesi. Ule mwasho wa macho unaousikia asubuhi ni amonia. Ikikutana na unyevu inakula shaba na shaba nyeupe. Ndio maana kontrola, inverta, vikasha vya fyuzi na viunganishi vyote vikae nje ya chumba cha kuku. Ndani waingie waya na taa tu. Na ukibadilisha maranda kwa wakati, umewaokoa kuku mapafu na umeokoa nyaya pia.

Vumbi. Manyoya na vumbi la chakula vikitanda juu ya inverta vinaziba feni yake. Vikitanda juu ya balbu inayopata moto vinaungua. Tumia taa za LED, zenyewe hazichemki sana, na zifute kila wiki zikiwa zimezimwa.

Maji. Waya unaotoka nje kuingia ndani ushuke kidogo chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, ili mvua idondokee hapo isifuate waya. Na waya uliolala wazi juani uwe wa sola hasa, wenye gamba la kuvumilia jua. Waya wa ndani ukiachwa juani gamba lake linapasuka.

BETRI INALALA WAPI?

Hili nalisema kwa sauti: mtu asilale chumba kimoja na betri ya maji. Betri ya asidi na risasi ikichajiwa inatoa hidrojeni. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya mahali ilipo, cheche moja inailipua. Ikilipuka, asidi inarukia usoni.

Weka betri kwenye boksi la mbao au plastiki, juu ya ubao, mahali penye kivuli. Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, inapanda juu, kwa hiyo tundu la hewa la muhimu ni la juu. Usiwashe sigara, jiko wala kibiriti hapo. Na usiweke kipande cha bati juu ya betri eti kuzuia vumbi, kikidondokea vichwa vyote viwili ni shoti.

Maji yakipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, yafunike sahani za ndani. Usiongeze asidi, na maji ya bomba au ya kisima yanaharibu.

INVERTA NA JOTO LA VIFARANGA

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kuwasha taa ya joto ya wati 250 kwa sola usiku. Tupige hesabu. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ili isife mapema usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Inverta nayo inakula sehemu yake. Utapata saa mbili hivi, na kifaranga anataka joto usiku kucha. Katika hizo saa mbili waya wa betri unabeba zaidi ya ampea 20 mfululizo. Acha sola ifanye kazi ya mwanga, joto litafute kwingine, na popote penye jiko la mkaa hakikisha moshi na hewa chafu vinatoka.

Na ukumbuke, umeme ukishatoka kwenye inverta ni volti 230. Huo unarusha na unaua sawasawa na wa TANESCO. Upande huo usishike mwenyewe. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA.

DAKIKA KUMI KWA WIKI

Magari yale ya watalii yenye kitanda na jiko ndani, yanayopita kwenda mbugani, yanawasha taa na friji kwa betri ya volti 12 kama yako. Mtu analala humo humo na nyaya zake, kwa hiyo anazikagua. Na wewe una viumbe wanaolala na nyaya. Panga hivi:

Kila wiki: tembea na waya kutoka betri hadi taa ya mwisho. Tafuta meno ya panya, gamba lililoyeyuka, rangi iliyobadilika. Taa zikiwa zimewaka nusu saa, gusa kiboksi cha kila kiungo cha volti 12 kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu kidogo hapana shida. Ukivuta mkono, kiungo hicho kifunguliwe siku hiyo hiyo.

Kila mwezi: pima betri kwa mita asubuhi kabla jua halijapanda, taa zikiwa zimezimwa. Volti 12.6 au zaidi, imejaa. 12.2 iko nusu. Chini ya 12, unaichosha. Kaza nati zote, safisha unga mweupe au wa kijani kwa maji ya moto na brashi, kausha, kaza, kisha paka vaselini juu. Vizibo vya betri viwe vimefungwa wakati wa kuosha.

Kabla ya kushika chochote: vua pete na saa ya chuma. Zima mizigo yote. Kisha tenganisha paneli kwanza, ndipo betri. Ukirudisha, betri kwanza, paneli mwisho. Paneli haina swichi ya kuzima jua, kwa hiyo ifunike kwa nguo nzito kama unafanya kazi mchana.

MOTO UKITOKEA

Toa watu kwanza. Kuku baadaye. Kama unafika kwenye betri kwa usalama, kata waya hapo. Usimwagie maji nyaya wala inverta, tumia mchanga mkavu au mtungi wa unga. Weka ndoo mbili za mchanga nje ya mlango wa banda, sio ndani. Piga 114 kwa Zimamoto, na usingoje wafike ndipo uite majirani.

Yule mama ameanza tena. Banda lake sasa lina paipu, viboksi, na fyuzi tatu karibu na betri. Yule kijana kahamishiwa chumba cha upande wa pili, na yeye ndiye mwenye daftari la ukaguzi. Juzi kaniambia fyuzi ya taa ilikatika usiku. Wakaifuata, wakakuta waya umebanwa na mlango.

Kama utafanya jambo moja tu baada ya kusoma hapa, nenda kwenye betri yako uangalie waya wa chanya. Ukifuata kwa kidole sentimita 20 bila kukuta fyuzi, zima, na kesho asubuhi pita dukani.

Tukutane tena. Kila la heri na kundi lako.